Mali ya Kiongozi Ihesabiwe Hadharani

Jeshini kila askari hutia sahihi kwa kila kifaa anachokabidhiwa: buti, blanketi, bunduki. Siku ya ukaguzi huvipanga mbele ya afisa wake, na kisichoonekana hukitolea maelezo. Hakuna anayejiona ametukanwa. Sisi tuliofunzwa desturi hiyo tangu chuo cha makadeti twashangaa kwamba katika siasa huonwa kuwa ni uchokozi.

Tutazame kwa jirani zetu wa Tanzania. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuhusu mabenki na viwanda tu. Lilimtaka kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalimhusu pia mume au mke wake, ili mali isije ikafichwa nyumbani.

Shida za uchumi za miaka ya 1980 ziliwapa hoja waliotaka njia nyingine. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Chama kina haki ya kubadili siasa yake ya uchumi. Lakini tusifumbe macho: waliokata shauri ndio hao hao waliofunguliwa mlango wa kununua hisa na kupangisha nyumba. Katiba ya chama ingali inautaja Ujamaa na Kujitegemea. Je, mwanachama atapimaje kama chama chaelekea kushoto au kulia, ikiwa hajui viongozi wake wanamiliki nini?

Tanzania ilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma mwaka 1995, nasi Uganda tunayo yetu ya mwaka 2002. Zote mbili zamtaka kiongozi atangaze mali yake. Hilo ni jema. Hata hivyo, orodha inayofungiwa kabatini ni sawa na ukaguzi unaofanywa gizani.

Hatusemi kiongozi awe fukara. Twasema mali yake ijulikane alipoingia madarakani, na ijulikane atakapotoka. Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Basi nguo na ikung'utwe, tena mchana, watu wote wakiona.