Marubani huchekea makosa yao, mashofere na manahodha huyaficha

NYANTENDE – Kuna utani ambao marubani wa ndege wanarithishana kila pembe ya dunia. Wanasema marubani ni wa aina mbili tu: yule aliyekwisha kutua bila magurudumu, na yule ambaye siku yake bado. Utani mwingine ni wa rubani aliyeulizwa na watu wa mnara kwa nini hakuitika walipomwita kumwambia magurudumu hayajashuka. Akajibu kwamba hakuwasikia, kengele ndani ya ndege ilikuwa inapiga kelele mno. Kumbe kengele yenyewe ndiyo ya kumwonya kwamba magurudumu hayajashuka! Na wa tatu: utajuaje kama umetua kwa tumbo? Ni pale ndege inapodai nguvu yote ya injini ili isogee hata hatua moja.

Mama aliyekimbia vita na kupoteza watu njiani anaweza kuuliza kinachochekesha hapo ni nini. Ana haki ya kuuliza. Lakini ukisikiliza vizuri, hakuna marehemu anayechekwa. Anayechekwa ni msimuliaji mwenyewe, na kijana anayejifunza kurusha ndege anaondoka na somo ambalo kitabu kingelisema akasahau.

Tena si hadithi za kutunga. Tarehe 22 Mei 2020, ndege ya shirika la Pakistan iliyotoka Lahore iligusa uwanja wa Karachi magurudumu yakiwa juu. Kengele zililia, hazikusikilizwa. Injini zikasugua lami, marubani wakairusha tena, injini zikazimika, ikaangukia nyumba za watu. Kati ya watu 99 waliokuwa ndani walikufa 97. Ripoti ya awali ilieleza kwamba marubani walikuwa wanaongea habari za korona wakati wa safari. Akili ilikuwa kwingine.

Ndiyo maana marubani wana desturi ambazo mtu wa nje anaweza kuziona za kitoto. Wanapokaribia kutua hawazungumzi habari za nyumbani wala za mshahara. Wanasoma orodha kwa sauti, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Magurudumu? Chini, taa tatu za kijani. Akikatizwa katikati, anaanza upya kutoka juu, haendelei pale anapodhani aliachia. Taa moja isipowaka, hatui kwa kubahatisha: anapanda tena, anazunguka, anashusha magurudumu kwa njia ya dharura, na akipita karibu na mnara watu wa chini wanamwangalizia. Kupanda tena si aibu. Aibu ni kulazimisha.

Kuna jambo moja zaidi, na hili wakubwa wangelisikia. Wakati wa vita kuu ya pili, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kabisa, kiisha wanakunja magurudumu wakiwa tayari chini, ndege inalala kwa tumbo. Wangeweza kuitwa wajinga na kufungwa. Mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, alienda kutazama ndani akakuta kishikio cha magurudumu na kile cha mabawa madogo ya nyuma vimewekwa karibu na vinafanana. Akashauri kimoja kipewe umbo la gurudumu, kingine umbo la kabari, ili mkono wenyewe ujue umeshika nini. Mpaka leo kishikio cha magurudumu kwenye ndege nyingi kina umbo hilo. Hakuna aliyefukuzwa kazi ili kishikio kibadilike.

Kivu ya Kusini haihitaji kwenda Pakistan kutafuta mifano. Kavumu ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, ndege inagusa chini ikiwa na mbio kuliko pwani, na mipira na breki ndizo zinazolipa. Tarehe 12 Februari 2012 ndege ndogo ya kukodi ilipitiliza mwisho wa uwanja huo ikaangukia bondeni. Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa Rais Joseph Kabila, alikufa pamoja na marubani wawili, na waziri wa fedha Matata Ponyo akaumia. Na tarehe 17 Novemba 2025 kule Kolwezi, ndege iliyombeba waziri wa madini ilivunjika magurudumu ilipotua, ikawaka moto. Safari hii wote walitoka wazima.

Lakini tangu Februari 2025 ndege za abiria ziliposimama Kavumu, watu wengi wa huku wanajua zaidi boti na kamyo. Na hapo ndipo utani wa marubani unapouma. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilitoka Minova, imejaa kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya Goma. Ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, ufukwe unaonekana. Je, kabla ya hapo manahodha wangapi waliona maji yakiingia kwa sababu ya mzigo, wakafika salama na wakanyamaza? Shofere anayeshuka Ngomo kuelekea Kamanyola akiwa na breki zinazoteleza, anamwambia nani? Akimwambia mwenye gari, kesho usukani anapewa mwingine. Basi ananyamaza, na shofere mpya anashuka na breki zilezile.

Marekani walilielewa hilo mapema. Tangu 1976 rubani anaweza kuandikia shirika la NASA kosa alilolifanya, jina lake likafichwa, na wenzake wakasoma. Vyama vya mashofere na vya manahodha ziwani havihitaji NASA. Siku moja kwa mwezi pale parkingi au bandarini, kila mmoja asimulie alichokoswakoswa, mwenye gari au mwenye boti asiwepo, ingetosha kuanzia. Kicheko kitakuja chenyewe.

Marubani wa Antonov-28 na Cessna Caravan, zile ndege ndogo ambazo watu wa Shabunda wamezizoea, magurudumu yao hayakunjwi kabisa. Yako nje tangu kiwandani. Hata hivyo wengi wenye ndege za namna hiyo wakifika kwenye neno magurudumu hawaliruki. Wanajibu kwa sauti: chini, na yamechomelewa. Wanacheka, kiisha wanaendelea na orodha, maana kesho wanaweza kupewa ndege nyingine.