Hongera, Umechaguliwa: Lugha ya Barua za Mkopo wa Dukani

Miongoni mwa maandishi ambayo wasomi wetu hawayahakiki kamwe, imo barua ya duka inayomwalika mteja kufunguliwa akaunti ya mkopo. Hotuba za wanasiasa tunazichambua neno kwa neno. Karatasi inayomfanya mwalimu wa shule ya msingi aweke rehani sehemu ya mshahara wake kwa mwaka mzima tunaiacha ipite kana kwamba ni tangazo la sabuni.

Hapa Msamvu, ambako barabara ya Dodoma huachana na ile ya Iringa, karatasi hizo hugawiwa abiria wakiwa bado wanatafuta mizigo yao. Nyingine huja kwa ujumbe wa simu, lakini muundo ni uleule. Iliyo mezani kwangu, ambayo duka lake sitalitaja, inasema: “Mpendwa mteja, hongera! Kutokana na uaminifu wako, umechaguliwa kufunguliwa akaunti ya mkopo. Chukua friji leo, lipa kidogo kidogo.” Chini kabisa, kwa herufi zinazodai miwani: “Vigezo na masharti kuzingatiwa.”

Tuisome kama tunavyosoma matini nyingine yoyote. “Umechaguliwa” ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Nani amechagua, na kutoka miongoni mwa nani? Barua hiyohiyo amepewa kondakta, mama lishe na mwanafunzi anayesubiri fedha za Bodi ya Mikopo. “Uaminifu” anasifiwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga duka hilo. “Kidogo kidogo” ni takriri inayoondoa uzito wa deni, na inaazima heshima ya haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kinachojazwa hapa ni cha muuzaji. Sentensi ya mwisho ndiyo hodari kuliko zote. “Kuzingatiwa” hakuna nafsi wala njeo. Masharti yenyewe hayapo kwenye karatasi. Kisarufi, sentensi hiyo haimwambii mtu yeyote jambo lolote; lakini siku mteja atakaposhindwa kulipa, hiyo ndiyo atakayosomewa.

Bei, je? Haimo. Tuchukue mfano wa kubuni. Friji linauzwa shilingi 600,000 taslimu. Kwa mkopo, kianzio ni 150,000, kisha 60,000 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 870,000. Mteja amekopa 450,000 na kurudisha 720,000. Kwa kuwa deni hupungua kila mwezi, riba halisi inakaribia asilimia 8 kwa mwezi. Mtu mzima anaweza kuyakubali hayo kwa hiari. Mama lishe anayeuza juisi stendi huenda akalipata faida friji hilo kabla hajamaliza kulilipa, na bila mkopo asingelipata kabisa. Sina ugomvi na mkopo. Watu wa Mgeta wanaoteremsha mboga kutoka milima ya Uluguru, na wenye maduka ya mtaani, wamekopeshana miaka yote kwa daftari lenye majina na kiasi. Lakini daftari lile hueleza kila kitu: umechukua sukari kilo moja, bei hii, utalipa siku fulani. Halimpongezi mtu kwa kudaiwa.

Mjadala huu una historia yake nchini. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliweka sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa mkataba uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni ulinzi. Kwa hakika ilimweka Mwafrika katika hali ya mtoto asiyeweza kujifungia mkataba, na ikamnyima mtaji mchuuzi aliyetaka kukua. Wanaotaka leo mikopo ya rejareja ipigwe marufuku moja kwa moja waikumbuke sheria hiyo.

Wamarekani walipita njia nyingine. Septemba 1958, Bank of America iliwatumia kwa posta wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi za mkopo zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba. Benki nyingine zikaiga, madeni yakazagaa, malalamiko yakafika bungeni. Sheria ya mwaka 1968 ikamlazimu mkopeshaji kutaja gharama ya mkopo kwa asilimia ya mwaka; mwaka 1970 ikakatazwa kumtumia mtu kadi asiyoiomba. Kukopesha kuliendelea kuwa halali, na mtu akapata namba ya kulinganisha mkopo mmoja na mwingine.

Sisi tunazo zana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu-tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha kidijiti bila leseni. Hatua hiyo ilikuja baada ya wananchi kudhalilishwa mno: mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumwita tapeli ulitumwa kwa mkwewe, kwa bosi wake, kwa kila aliyemo kwenye simu yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa hata mwandishi wa mwaliko wa harusi na mwandishi wa tangazo la matanga wanalipwa na ofisi moja. Leseni peke yake haimlazimu mtu kuandika Kiswahili kinachoeleweka.

Mwandishi huyo, tukubali, ni mhitimu wetu. Katika kozi za mawasiliano ya biashara tunafundisha barua ya mauzo kwa hatua: vuta hisia, amsha hamu, himiza hatua. Tunatoa alama kwa mvuto. Sijaona mtihani unaomnyima mwanafunzi alama kwa kuficha jumla ya malipo, ingawa tungemnyima kwa kukosea anwani.

Ninachopendekeza kinaenea katika kanuni ya ukurasa mmoja, ambayo Tume ya Ushindani na Benki Kuu zinaweza kukaa pamoja na kuiandika. Kila mwaliko wa mkopo, wa karatasi au wa simu, utaje katika aya yake ya kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule wa neno “hongera”: bei taslimu, jumla itakayolipwa kwa mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, na kitakachotokea mteja akikosa mwezi mmoja. Yote kwa Kiswahili. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, baadhi yenu mko katika ofisi hizo. Wengine mnazo barua hizi kwenye droo. Zitoeni, jumlisheni tarakimu, kisha ziambatisheni kwenye malalamiko yenu.