Tumtazame Nzi Kabla ya Kumpa Jina



Baadhi ya wazazi wametuuliza, wengine kwa ukali, kwa nini watoto wa madrasa wanapelekwa kwenye bustani za kando ya ziwa Kivu kuwapiga picha nzi na dundu badala ya kukaa mkekani na juzuu zao. Swali ni la haki.

Nzi hatukumleta sisi darasani. Ametajwa katika Qur'ani, sura ya Al-Hajj, aya ya 73. Mtoto anaihifadhi aya hiyo, lakini mwulize nzi ana mbawa ngapi! Anazo mbili. Nyuki anazo nne.

Siku ya kwanza walirudi na picha ya "nyuki" juu ya ua. Tulipoikuza kwenye simu tukaona mbawa mbili tu, macho makubwa na vipapasio vifupi mno. Kumbe ni nzi aliyevaa mistari ya nyuki ili maadui wamwogope, wala hana mwiba. Watoto walicheka sana. Sisi walimu tulinyamaza, maana tulikuwa tumeshasema "nyuki" kabla yao.

Dundu naye, wengine humwita mbawakawa, mbawa zake za mbele ni gamba gumu linalofunika za nyuma. Wataalamu wameshaeleza aina zake zipatazo 400,000 duniani, basi hatuoni haya kuandika chini ya picha: dundu mweusi, mdogo kama punje ya mchele, Allahu a'lam. Hata yule mwembamba mwekundu na mweusi, ambaye ndugu zetu wa Kenya humwita nzi wa Nairobi, si nzi, ni dundu. Sumu yake huunguza ngozi anapopondwa juu yake. Mpulize aende zake.

Juzi walimkuta mdudu bapa chini ya gome la mti, wakabishana kama ni dundu au mende. Mmoja akapaza sauti kwa Kinyarwanda: inyenzi! Bibi mmoja aliyeketi karibu akainuka, akaondoka.

Hapa Gisenyi neno hilo si la mchezo. Mwaka 1993 gazeti la Kangura, ambalo mhariri wake Hassan Ngeze ni mzaliwa wa huku kwetu na mwenye jina la Kiislamu kama sisi, liliwaita Watutsi kwa jina hilo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio RTLM ililirudia hewani. Mahakama ya Arusha ilimtia Ngeze hatiani mwaka 2003, na baada ya rufaa ya 2007 kifungo chake kikawa miaka 35. Watoto hawakuyajua haya. Tuliketi nao majanini tukawaeleza, na somo la wadudu likaishia hapo siku hiyo. Mzazi anayesema tunapoteza wakati, tunamwomba aje akae nasi siku moja kama hiyo.

Ama hukumu ya picha, wanazuoni wamehitilafiana. Asiyeridhia kupiga picha chenye roho, mwanawe aje na daftari, aandike idadi ya mbawa, rangi na mahali alipomkuta mdudu. Simu moja yatosha watoto watano.

Tunakutana Jumamosi baada ya Asri, inshaallah. Yule mdudu wa chini ya gome alikuwa mende wa porini. Watoto wenyewe walichagua kuliandika jina lake kwa Kiswahili.

Wabillahi tawfiiq.