UCHAMBUZI: Tusiilaumu roboti, tumwulize aliyeituma

MWISHONI mwa mwaka wa 2017, mzozo wa aina yake ulizuka katika mtaa wa Mission, jijini San Francisco, Marekani. Aliyelalamikiwa alikuwa bawabu asiyekula, asiyelala wala kudai nyongeza ya mshahara. Alikuwa roboti.

Roboti hiyo aina ya K5, iliyoundwa na kampuni ya Knightscope, ina urefu wa takriban mita moja na nusu na uzani wa kilo 180 hivi. Hujiendesha kwa magurudumu huku kamera na vitambuzi vyake vikinasa kila kinachopita. Shirika la SPCA, ambalo hutunza mbwa na paka waliotelekezwa, lilikuwa limeikodi ili ipige doria katika maegesho na njia zinazozunguka majengo yake.

Shirika hilo lilikuwa na sababu zake. Wafanyakazi walilalamika kwamba magari yalikuwa yakivunjwa, sindano za mihadarati zikitupwa ovyo, na mahema ya watu wasio na makao yakijaa kando ya barabara. Baada ya roboti kuletwa, shirika lilisema, mahema yalipungua na visa vya uhalifu vikapungua pia.

Hata hivyo, si wote waliofurahia. Kuna walioifunika mashine hiyo kwa turubai, wakaiangusha na kuvipaka vitambuzi vyake rojo la nyama ya kuchoma. Utawala wa jiji nao ulionya kwamba shirika lingetozwa faini ya hadi dola 1,000 kwa siku iwapo roboti ingeendelea kutumia njia ya umma bila kibali. Hatimaye SPCA iliomba radhi na kuiondoa.

Kisa hicho kilienea duniani kama kichekesho. Lakini ukikitazama kwa makini utaona jambo zito: shirika la huruma, linalowapa makao wanyama wasio na makao, lilijikuta limeajiri mashine iliyowafukuza binadamu wasio na makao.

Waama, roboti haikuwa na kosa. Mashine haina chuki wala huruma. Hufanya ilichotumwa, mahali ilipotumwa, kwa manufaa ya aliyeilipia. Ndiyo maana mjadala kuhusu roboti katika maisha ya kila siku hupotoka tunapouliza kama mashine ni nzuri au mbaya. Tunapaswa kumwuliza mwenye pesa ni kazi ipi aliyoona inastahili kulipiwa.

Tuchukue hesabu. Iliripotiwa kuwa kodi ya roboti ile ilikuwa dola 7 kwa saa, yaani zaidi ya Sh700 wakati huo. Kama ingelipiwa usiku na mchana kwa mwaka mzima, gharama ingefika dola 61,320. Hizo ni fedha ambazo zingeweza kumlipa mfanyakazi wa jamii anayetembea hema hadi hema akitafuta nani ni mgonjwa na nani ana jamaa anayeweza kumpokea.

San Francisco haikuwa peke yake. Mnamo 2021, ilibainika kuwa polisi wa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, walikuwa wametumia takriban dola 150,000 za msaada wa janga la Covid-19 kununua roboti yenye umbo la mbwa. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupima joto la mwili la watu wasio na makao waliohifadhiwa katika kambi ya mahema. Polisi walijitetea kwamba iliwakinga maafisa dhidi ya maambukizi, na hoja hiyo haikukosa mashiko. Wakosoaji nao walidai kwamba kumtumia maskini mashine ya umbo la mbwa ni kumvunjia heshima.

Mjini New York, K5 nyingine ilipelekwa katika kituo cha treni cha Times Square mnamo Septemba 2023 kwa kodi ya takriban dola 9 kwa saa. Meya wa wakati huo, Eric Adams, alijigamba kwamba kiwango hicho kilikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa. Alichokosa kukitilia maanani ni kwamba roboti hiyo haikuweza kupanda ngazi, na katika majaribio hayo ililazimika kuandamana na afisa wa polisi. Ilipofika Februari 2024, ilikuwa imeondolewa.

Sasa tugeuze ukurasa, lakini tusiondoke San Francisco. Katika jiji hilo hilo, ukumbi wa chakula wa St. Anthony's umekuwa ukiwapa maskini mlo wa bure tangu 1950, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea. Hao huandaa meza, husukuma sinia na kuzungumza na wageni wao. Anayekuja kila siku hatimaye hujulikana, na asipoonekana, kuna atakayeuliza yuko wapi.

Aidha, Bi Doniece Sandoval alianzisha Lava Mae, mradi uliochukua mabasi makuukuu ya jiji na kuyageuza kuwa mabafu. Kila basi lilikuwa na vyumba viwili vya kuogea vyenye choo na sinki, na maji yalivutwa kutoka kwa mabomba ya zimamoto barabarani. Wahudumu wa kujitolea waliwakaribisha wageni, wakawapa taulo na sabuni, na mtu aliyelala kwenye saruji akapata nafasi ya kuoga akiwa amejifungia mlango.

Basi ni mashine, sawa na roboti. Isitoshe, lilikuwa mashine chakavu, wakati K5 ilikuwa ya kisasa. Tofauti yao ilitokana na waliozituma: mmoja alitaka maskini aondoke, mwingine alitaka aoge.

Hapo ndipo mjadala unapotuhusu sisi Wakenya. Roboti zimekwisha kubisha hodi kwetu. Mnamo 2024, mkahawa mmoja jijini Nairobi uligonga vichwa vya habari kwa kutumia roboti kuwapelekea wateja chakula mezani. Watoto walishangilia na wazazi wakapiga picha. Wahudumu binadamu walibaki kazini, kwa kuwa roboti haiwezi kutoa huduma yote peke yake.

Leo ni sinia, kesho litakuwa lango. Bei ya mashine hizi ikiendelea kushuka, haitakuwa ajabu kuona mwenye jumba la biashara au serikali ya kaunti ikitamani bawabu wa magurudumu. Itakapotokea hivyo, watu wa kwanza kukutana nayo usiku watakuwa wale wanaolala barazani.

Nao si wachache. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka wa 2018 ilihesabu watu 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Wengi wetu huwaita chokoraa na kupita upande wa pili wa barabara. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Taifa hili lina historia ndefu ya kuwasaidia. Chama cha Undugu kiliasisiwa mnamo 1973 na Padre Arnold Grol, mmishenari kutoka Uholanzi aliyewafuata watoto wa mitaani pale pale walipokuwa. Mnamo 2003, serikali ilianzisha hazina maalumu ya kurekebisha maisha ya familia za mitaani. Fauka ya hayo, makanisa, misikiti na makundi ya vijana huwapelekea chakula na nguo bila kutangaza.

Juhudi hizo zastahili pongezi, lakini tusijidanganye kwamba ukarimu pekee unatosha. Marekani ina watu wengi mno wa kujitolea. Hata kuhesabu wasio na makao kila Januari hufanywa kwa msaada wao, wakizunguka usiku katika baridi kali. Hesabu hiyo ilionyesha watu 653,104 mwaka wa 2023, na mwaka uliofuata ikapanda hadi 771,480. Bakuli la supu humwokoa mtu leo. Halipunguzi kodi ya nyumba.

Badala ya kushughulikia chanzo, baadhi ya miji ya huko imechagua adhabu. Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma hata pasipo nafasi katika makao ya muda.

Ufini ilifuata njia tofauti. Kuanzia 2008, nchi hiyo ilitekeleza sera ya kumpa mtu nyumba kwanza, kisha kumsaidia kukabiliana na ulevi, maradhi au ukosefu wa kazi akiwa chini ya paa lake. Idadi ya wasio na makao, iliyokuwa takriban 8,000 wakati huo, ilikuwa chini ya 4,000 kufikia 2023. Hakuna roboti iliyohitajika.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. La hasha. Kuna hatua ambazo hata kaunti maskini inaweza kuchukua mapema. Kwanza, mashine ya doria isiruhusiwe kutumia njia ya umma bila kibali, kwa maana njia hiyo ni mali ya anayelala hapo sawa na anayepita. Kibali ndicho kilichoiponza roboti ya San Francisco.

Pili, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Picha ya uso wa mtoto anayelala kwenye gunia ni data yake, hata kama hana kitambulisho wala wakili. Anayeinasa alazimishwe kueleza ataihifadhi wapi na kwa nini.

Tatu, tuwaulize wanaojitolea ni mashine ipi ingewafaa. Huenda wakaomba jokofu la kuhifadhi chakula, gari la kubebea wagonjwa usiku au basi kuukuu lenye mabomba ya maji. Wao ndio wanaojua mtoto yupi ana kikohozi na mama yupi amekaribia kujifungua.

Kwa hivyo, siku ambayo mkuu wa idara atasimama mbele ya kamera kuzindua mlinzi asiyechoka, tusikimbilie kushangilia wala kurusha mawe. Tumwulize ni nani atakayekuwa salama zaidi usiku huo, na waliokuwa wamelala hapo wamepelekwa wapi.