Viungo Vilivyolegea: Usikimbilie Kisu

Je, kidole gumba chako hukunjika mpaka kikagusa kigasha cha mkono? Je, magoti yako hupinda kwenda nyuma? Huenda viungo vyako vimelegea tangu kuzaliwa. Huo si uchawi. Mifupa hushikwa pamoja na kano. Kwa watu wengine kano hunyumbuka mno. Mara nyingi hali hii hurithiwa.

Wengine hawasikii maumivu yoyote. Wengine bega huteguka hata wakichota maji. Hao hutaka wapasuliwe upesi.

Mimi nasema: mazoezi kwanza. Misuli yenye nguvu hushika kiungo mahali pake. Mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, akufundishe. Fanya kidogo kidogo, kila siku, kwa miezi kadhaa.

Kano zikikazwa kwa upasuaji zinaweza kulegea tena, kwa sababu ndivyo zilivyo. Kidonda nacho huweza kuchelewa kupona.

Lakini upasuaji si adui. Kama umefanya mazoezi na bega bado linateguka, muulize daktari: Nitapata faida gani? Kuna hatari gani? Nitakaa bila kulima kwa muda gani? Ukipata majibu, shauriana na jamaa zako, kisha amua. Mwili ni wako.