Kivuli na onyo

Naona tunakosea kutafsiri maonyo neno kwa neno. Tuchukue mfano wa Phoenix, mji wa jangwani katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako wanaishi pia wakimbizi kutoka Kongo. Tangu 2016, mji huo unakataza kupanda na mbwa kwenye njia zake za milimani joto likifika nyuzi 38 hivi za Selsiasi. Wapo watakaosema: “Lakini njia hii ina kivuli.”

Kwetu kivuli ni mahali pa kupumzikia, tena ni umbo linalomfuata mtu. Maana hii ya pili inatukumbusha kwamba kivuli husogea. Asubuhi mwamba unaifunika njia. Saa sita mchana mawe yale yale yanachoma. Mbwa hana viatu, na hupoza mwili hasa kwa kuhema.

Kwa hiyo “Jihadhari na joto” haitoshi. Mimi ningeandika: “Gusa mawe kwa kiganja. Usipoweza kuvumilia, mrudishe mbwa nyumbani.” Fakalte inatufundisha kutafuta neno linalolingana. Kwa maonyo, tutafute kwanza tendo ambalo msomaji atalifanya.