Kinini za Kunenepa

Mama mmoja aliletwa kwetu, mguu wake umechomwa na msumari. Kidonda kilikuwa cha siku nne na usaha ulikuwamo ndani, lakini mguu haukuwa na moto wala haukuvimba sana, tena homa hakuwa nayo. Uso wake ulikuwa wa duara, mashavu yamejaa. Watu wa nyumba yake walifurahi kwamba kidonda si kibaya. Mimi sikufurahi. Nilimwuliza taratibu, "Mama, unameza kinini za kunenepa?" Akatazama chini.

Ndugu wapendwa, wengi wetu hudhani kwamba uvimbe na moto wa kidonda ndio ugonjwa wenyewe. Sivyo. Ndiyo kazi ya mwili unaopigana. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini zimo jeni, maandishi tuliyorithi kwa baba na mama. Maandishi hayo hayasomwi yote siku zote. Yako mjumbe mmoja akaaye nje ya kiini, amefungwa. Wataalamu humwita NF-kapa-B, nao Ranjan Sen na David Baltimore walieleza habari zake kule Marekani mwaka 1986. Kijidudu kikigusa mlango wa seli, habari hupita ndani, kifungo cha mjumbe huvunjwa, naye huingia kiini na kuzifungua jeni za vita. Ndipo seli hutoa vitu vya kuwaita askari wa damu, mishipa hupanuka, na mahali pale huwa pa moto. Tena, jambo linalonipendeza kuliko yote, kati ya jeni anazozifungua iko moja inayotengeneza kifungo kipya cha kumfunga yeye mwenyewe.

Tezi zilizo juu ya figo nazo hutoa kotisoli, ambayo kazi yake moja ni kuzinyamazisha jeni hizo za vita. Deksametazoni, ile iliyomo katika nyingi za kinini za kunenepa, humwiga kotisoli, na nguvu yake ya kuzima uvimbe hupita ya kotisoli zaidi ya mara 20. Siisemi vibaya. Mwaka 2020, wakati wa Korona, uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba iliokoa wagonjwa wengi waliopumua kwa mashine. Lakini wale wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Dawa ni ile ile.

Sokoni huuzwa moja moja, bila karatasi ya mganga. Siwacheki mama zetu wanaozinunua. Hapa Kingamyambo, ambako mabaki ya udongo wa shaba yalilundikwa miaka mingi, mtu akikonda majirani husema mara moja: ana kifua kikuu, au ana UKIMWI. Nani asingeogopa? Lakini unene huu ni maji na mafuta ya uso na tumbo. Mapaja hukonda, sukari hupanda katika damu. Tena watu wengi wanacho kifua kikuu kilicholala, kimezungushiwa ukuta wa seli, na ukuta huo husimama kwa ujumbe ule ule ambao kinini huunyamazisha. Vumbi la mawe nalo huharibu mapafu ya mchimbaji na kumfungulia kifua kikuu njia. Basi mke wa mchimbaji, akikimbia jina la ugonjwa wa kifua, aweza kumeza kitu cha kuuamsha. Lawama yangu kubwa humwendea mwuzaji, maana yeye husoma jina lililo juu ya pakiti.

Wewe unayezimeza sasa, usiziache kwa ghafula. Ukizimeza muda mrefu, tezi za juu ya figo hulala. Ukiacha siku moja, nguvu za damu zaweza kushuka, ukatapika, ukazimia, hata ukafa. Njoo na pakiti yake. Mwambie mwuguzi kabla hujapasuliwa au kupewa dawa nyingine, hata kama mume wako au mama mkwe amesimama hapo. Omba kusema naye kando.

Yule mama wa msumari tulimtoa usaha siku ile ile. Kinini zake tulizipunguza polepole, kwa majuma mengi.